Miaka Saba ya Kwanza: Sudi na Hesabu Tuliyoianzia Katikati



Leo naomba tuzungumze kuhusu watoto wadogo. Najua wengi wenu mtasema hiyo ni mada ya akina mama kliniki, au ya wenye chekechea zao kule Sinza na Mikocheni. Subirini kidogo. Mada hii ni ya historia, na ni ya fedha pia. Na kama nitaieleza vizuri, mtaona kuwa ni ya siasa kuliko nyingi tunazogombania kila siku.

Kwa sehemu kubwa ya historia ya nchi yetu, serikali imemjua mtoto akiwa na miaka saba. Hapo ndipo aliposimama mstari, akapelekwa mkono wake wa kulia juu ya kichwa aguse sikio la kushoto, akiligusa basi amefikia umri, anaandikwa darasa la kwanza. Kabla ya hapo alikuwa wa mama yake, wa bibi yake, na wa Mungu. Hiyo miaka ya nyuma nani aliilipia? Kwa kazi gani? Na imetugharimu nini kuiacha nje ya daftari?

Nimeamua kulijibu swali hili kutokea Sudi. Wengi hamkujui, na si kosa lenu. Sudi ni mji mdogo wa pwani, kusini ya Lindi, ukielekea Mikindani. Ghuba yake imeingia ndani kama kiganja, mikoko pande zote, maji yametulia. Ukipita barabara kuu ya kwenda Mtwara unaweza usijue kama umekuacha. Lakini Sudi si kijiji kilichoota jana. Wakati wa Wajerumani, habari za kale za miji ya pwani hii ziliandikwa kwa Kiswahili, na Sudi ilikuwamo pamoja na Lindi, Kilwa Kivinje na Mikindani. Mwanahistoria Freeman-Grenville akaziingiza kwa Kiingereza katika mkusanyiko wake wa nyaraka za pwani mwaka 1962. Kwa hiyo tunazungumzia watu waliokuwa na kumbukumbu yao, na waliojua kuitunza.

Waliitunzaje? Hapo ndipo tunapoingia kwenye mada.

Chuo kabla ya shule

Barua kongwe kuliko zote tunazozijua katika Kiswahili zilitoka Kilwa, mwaka 1711 na miaka iliyofuata. Ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na zimehifadhiwa Goa, India, kwa sababu zilihusu mambo ya Wareno. Mmoja wa walioandikisha barua hizo alikuwa mwanamke, Malkia Fatima wa Kilwa. Sasa jiulize: karne mbili kabla ya Mwingereza kutuletea idara ya elimu, watu hawa walijifunzia wapi herufi?

Jibu halihitaji uchunguzi mkubwa. Walijifunzia chuoni. Sisemi chuo kikuu, nasema chuo cha Kurani, kile ambacho leo wengi tunakiita madrasa. Mkeka, ubao, mwalimu mwenye kiboko, na watoto wanaoyumba huku na huku wakisoma kwa sauti.

Mtu aliyetuachia maelezo mazuri ya maisha hayo ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa upande wa Bagamoyo, ambaye mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Kitabu kinachobeba kazi yake, Desturi za Wasuaheli, kilichapwa mwaka 1903 na Carl Velten. Ukikisoma unashangaa. Kinaanza na mtoto. Kuzaliwa kwake, ulezi wake, michezo yake, kwenda kwake chuoni. Yaani mtu wa pwani alipoulizwa na Mzungu, "Tueleze desturi zenu," jambo la kwanza aliloliona la kueleza ni jinsi mtoto anavyolelewa.

Chuo kilikuwa na bajeti yake. Mzazi alikuwa na makubaliano na mwalimu, na mtoto alipopiga hatua katika msahafu, mwalimu alipewa chake. Katika vyuo vingi vya pwani watoto walipeleka pia pesa kidogo siku ya Alhamisi. Hapakuwa na mfadhili wala wizara. Jamii ililipa yenyewe, kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Uislamu ulipoenea kwa kasi katika vijiji vya ndani ya Lindi na Mtwara, walimu wa chuo walikwenda nao, na vyuo vikaota mbali na bahari. Ukitaka kujua watu wa kusini waliwekeza wapi kwa watoto wao wakati hawana kitu, anza hapo.

Lakini tusijidanganye kwa kuipamba historia. Pwani hii hii ndiyo iliyopitisha watumwa. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara hiyo katika karne ya 19, na kati ya waliopitishwa walikuwamo watoto wengi, wa umri huu huu ninaouzungumzia. Sultani Barghash alipiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu. Mtoto wa muungwana alikuwa na ubao wake. Mtoto wa mtumwa alikuwa na mzigo wake. Kwa hiyo tofauti kati ya mtoto anayeandaliwa na mtoto anayeachwa haikuletwa na chekechea za mjini. Tunayo zamani.

Shule ya makarani

Mjerumani alipokuja alihitaji makarani, matarishi na watoza kodi. Shule ya kwanza ya serikali ilifunguliwa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, na miji mingine ya pwani, Lindi ikiwamo, ikafuata. Zilifundisha kwa Kiswahili cha herufi za Kilatini. Kwa muda mfupi, aliyejua kusoma kwa herufi za Kiarabu tu akaonekana hajasoma. Fikiria hilo: elimu ambayo jamii iliilipia kwa karne kadhaa ikashuka thamani ghafla kama noti iliyobadilishwa.

Mwingereza naye hakuwa na haraka. Shule za awali zilikuwapo katika enzi yake, lakini kwa ajili ya watoto wa Kizungu na wa Kihindi mijini zaidi. Kwa Mwafrika wa Sudi, hata darasa la kwanza lilikuwa bahati. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, chini ya nusu ya watoto wa umri wa shule ya msingi ndio waliokuwa shuleni.

Sasa hapa kuna jambo ambalo vijana wengi hatulijui. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka umri wa kuanza shule upandishwe. Ndiyo, upandishwe. Hoja yake ilikuwa ya mtu aliyeangalia mfuko na kuukuta mtupu. Wengi wa watoto wangeishia darasa la saba. Akianza na miaka mitano au sita, anamaliza akiwa bado mtoto, hawezi kulima wala kuajiriwa. Akianza na saba au nane, anamaliza akiwa kijana wa kufanya kazi, na akiwa darasani anaelewa upesi zaidi.

Kwa hesabu za mwaka 1967, hoja hiyo ilikuwa na mantiki. Simlaumu. Lakini tuone matokeo yake. Umri wa miaka saba ukawa ndio mlango. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaagiza elimu ya msingi kwa wote, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamlazimisha mzazi kumpeleka mtoto shule kuanzia miaka 7 hadi 13. Taifa zima likakimbilia darasa la kwanza. Miaka saba ya nyuma ikabaki nyumbani.

Haikubaki hivi hivi, lazima niseme. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, uliozaliwa mwaka 1962 chini ya Bibi Titi Mohamed, ulikuwa miongoni mwa waliofungua vituo vya kulelea watoto wadogo. Akina mama wale walielewa jambo ambalo wachumi walikuja kuligundua baadaye: mama hawezi kwenda shamba la kijiji na mtoto mgongoni akazalisha kama mwanaume asiye na mtoto mgongoni. Vijiji vya ujamaa navyo vikawa na vituo vyao. Mwaka 1981 ikatungwa sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana, vikawekwa chini ya Ustawi wa Jamii.

Neno ni "kulelea". Shabaha ilikuwa mtoto asiangukie kisimani wakati mama yuko kazini. Kazi nzuri, lakini ilitenganishwa na elimu. Malezi wizara hii, elimu wizara ile, chanjo wizara nyingine. Mtoto ni mmoja, anagawanywa mafungu.

Na kisha uchumi ukaanguka. Kusini tunajua maana yake kwa lugha ya korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata tani 145,000 hivi za korosho. Katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa zimeshuka chini ya tani 20,000. Watu walihamishwa kwenye vijiji vipya, mikorosho ikabaki mbali, ikamezwa na pori, ikashikwa na magonjwa. Kijiji kisicho na fedha ya korosho hakimlipi mlezi wa kituo. Vituo vingi vya enzi ile vilikufa kimya kimya.

Bibi ndiye mwekezaji

Nilipokwenda Sudi nilikaa siku chache, na jambo moja lilinifundisha kuliko makabrasha yote. Yalikuwa maji ya bamvua. Maji yakijaa sana hukupwa sana, na bahari inapokupwa namna ile wanawake hushuka. Wengine wanatafuta pweza kwenye miamba, wengine wanaokota chaza, wengine wanatanda kwa nguo kusaka dagaa. Saa nne, tano hivi wako majini.

Kibarazani nilimkuta bibi mmoja na wajukuu watano, mkubwa hajafika miaka sita.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Usimkanyage huyo, anatambaa."

Nikamuuliza kama wale wakubwa wawili wanasoma. Akasema yupo mmoja anakwenda darasa la vidudu, lakini leo hakwenda, maana ingebidi mtu ampeleke na mama yake kashuka na maji. Nikamuuliza yeye anawafundisha nini hapa barazani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipumbavu.

"Nawafundisha nini? Nawafundisha watu."

Kwa saa mbili nilizokaa nilimwona akiwahesabisha vifuu, akiwatega vitendawili, akimkanya mmoja asiseme uongo, akimwimbia mdogo alale. Huyu bibi anafanya ukuzaji wa lugha, hesabu, maadili na usalama wa mtoto kwa wakati mmoja. Hakuna anayemlipa. Katika pato la taifa yeye ni sifuri. Lakini nyuma ya kila kilo ya pweza inayopanda gari kwenda sokoni kuna saa za bibi kama huyu.

Nasema hivi kwa sababu kuna watu wakisikia "kuwekeza kwa watoto wadogo" wanadhani tunaanzia sifuri. Hatuanzii sifuri. Jamii za kusini zimewekeza siku zote. Tazama jando na unyago: chakula kinachowekwa akiba, ngoma zinazolipiwa, makungwi wanaoheshimiwa. Mtu anaweza kubishana kuhusu umri, maana wengine wanapelekwa wakiwa bado wadogo sana, na anaweza kubishana kuhusu siku za shule zinazopotea. Mimi mwenyewe nabishana. Lakini huwezi kusema watu hawa hawajui kuweka mali yao katika kumfunza mtoto. Wanajua. Kinachokosekana ni mchango wa upande wa pili.

Na bibi naye ana mipaka yake. Vitabu vya picha hana. Msimu wa kilimo ukifika, familia nyingi za pwani hii huhamia mashambani kulinda mazao dhidi ya nguruwe na nyani, na mtoto anahamia naye kwenye dungu. Chakula je? Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha watoto 42 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na Lindi ilikuwa miongoni mwa mikoa ambayo zaidi ya nusu walikuwa katika hali hiyo. Kitaifa tumeshuka hadi 34 mwaka 2015/16 na 30 mwaka 2022. Ni maendeleo. Lakini 30 katika 100 bado ni watoto wengi mno wanaofika darasa la kwanza wakiwa tayari wameibiwa.

Wenzetu walipima

Sasa twende kwa wanaopenda namba.

Mwaka 1962, katika mji wa Ypsilanti, Marekani, watoto 123 wa familia maskini za Weusi waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipata shule ya awali nzuri na mwalimu aliyewatembelea nyumbani. Jingine halikupata. Wakafuatiliwa hadi utu uzima wao. Walioipata walimaliza shule zaidi, wakapata kipato zaidi, wakaingia jela kidogo. James Heckman, mshindi wa Nobel ya uchumi ya mwaka 2000, akapiga hesabu na wenzake: faida kwa jamii ni kati ya asilimia 7 na 10 kwa mwaka. Nitajie fundi wa hisa anayekuhakikishia hiyo kwa miaka 40.

Utasema hiyo ni Marekani. Haya, twende Jamaika. Mwaka 1986 na 1987 jijini Kingston walichukuliwa watoto 129 waliodumaa, wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa na mhudumu wa afya wa jamii saa moja kila wiki kwa miaka miwili. Mhudumu alimwonyesha mama jinsi ya kucheza na kuzungumza na mtoto, kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mabaki ya nyumbani. Basi, ndiyo hiyo tu. Baada ya miaka 20 hivi watoto wale walikuwa wanapata kipato cha juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa. Makopo na maneno ya mama, ndugu zangu.

Na bado utasema hao ni watu wa mbali. Sawa. Njoo Mombasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya waliona watoto wao wanashindwa kuingia na kubaki katika shule nzuri. Wakamwomba Aga Khan msaada. Mwalimu Bi Swafiya Said akapewa kazi. Akatengeneza mtaala unaounganisha mafunzo ya dini, desturi za Kiswahili na ufundishaji wa kisasa wa watoto wadogo. Kituo cha kwanza kilifunguliwa Mombasa mwaka 1986, mradi ukafika Zanzibar mwaka 1990, na Uganda mwaka 1993. Walimu wake wengi walikuwa wanawake wa mtaa ule ule, waliofundishwa na kutembelewa mara kwa mara. Vifaa? Vifuu, kokoto, mbegu, vitambaa. Mwaka 2008 Peter Mwaura na wenzake walichapisha utafiti kutoka nchi hizo tatu: watoto waliopita shule yoyote ya awali waliwashinda waliobaki nyumbani, na wale wa vituo vya madrasa wakawashinda wa shule nyingine za awali.

Mnaona ninachokiona? Chuo kile kile cha Kilwa na Sudi. Jamii ile ile inayolipa kidogo kidogo. Kilichoongezwa ni mwalimu aliyeandaliwa na mtu wa kumfuatilia. Pwani ya Waswahili ilishatoa jibu lake yenyewe, tena kwa lugha yake.

Serikali ilivyofika, na ilipokwama

Sera ya Elimu ya mwaka 1995 ndiyo iliyoitambua rasmi elimu ya awali kwa watoto wa miaka 5 na 6, bila kuwalazimisha. Mwaka 2002 MMEM ikaanza, ada za msingi zilikuwa zimefutwa, madarasa yakafurika. Tukajenga. Lakini tulipopima, tukashtuka: utafiti wa Uwezo uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kuwa watatu tu kati ya kila kumi wa darasa la tatu ndio walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Tumejenga ukuta, msingi tumeusahau.

Sera ya mwaka 2014 ikafanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na kuanzia Januari 2016 ada ikaondolewa. Wazazi waliitikia kwa kishindo. Idadi ya watoto wa awali ilipanda kutoka milioni moja hivi mwaka 2015 hadi zaidi ya milioni moja na nusu mwaka uliofuata. Nani alisema wazazi wa Kitanzania hawathamini elimu ya watoto wadogo? Walikuwa wanasubiri mlango ufunguliwe.

Ila ndani ya mlango, mwalimu alikuwa mmoja. Kiwango cha serikali yenyewe ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Katika shule za umma za wakati ule, mwalimu mmoja mwenye sifa alikuwa na watoto zaidi ya 100. Hebu fikiria watoto 100 wa miaka mitano katika chumba kimoja. Hapo hakuna kucheza wala kuchora. Kuna kuimba kwa pamoja "a, e, i, o, u" na kungoja kengele.

Lindi ilipata bahati ya kuwamo katika mpango wa EQUIP-Tanzania uliofadhiliwa na Uingereza. Kwa vijiji vilivyo mbali na shule, mpango ule ulitumia wasaidizi wa walimu kutoka kijijini na masomo ya utayari ya wiki 12 hadi 16, kwa hadithi na michezo. Ni fundisho zuri, kwa sababu lilikubali ukweli kwamba mtoto wa miaka mitano hawezi kutembea kilomita nyingi kwa miguu. Lakini fedha za wafadhili zina tarehe ya mwisho, mtoto hana. Desemba 2021 serikali ikazindua programu jumuishi ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, inayounganisha afya, lishe, malezi, ujifunzaji na ulinzi kuanzia mimba hadi miaka minane. Yale mafungu niliyoyasema yakaanza kushonwa pamoja. Kwenye karatasi ni hatua kubwa. Kibarazani kwa yule bibi, bado.

Gesi na mtoto wa miaka minne

Kusini tumesikia neno "uwekezaji" mpaka masikio yamechoka. Gesi ya Songo Songo, kule Kilwa, ilianza kutumika mwaka 2004. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliingia barabarani kwa ajili ya bomba, na damu ikamwagika. Mwaka 2015 bomba likakamilika, likaipita Lindi likielekea Dar es Salaam. Na kwa zaidi ya miaka kumi tumezungumzia mtambo mkubwa wa kusindika gesi utakaojengwa Likong'o, karibu kabisa na mji wa Lindi, kwa makumi ya mabilioni ya dola.

Kila mara malalamiko ni yale yale: kazi wanapewa wageni, vijana wetu wanabeba zege. Malalamiko yana haki. Lakini fundi mitambo haandaliwi mwaka ambao mkataba unasainiwa. Mtoto aliye na miaka minne leo Sudi atakuwa na miaka 18 baada ya miaka 14. Uwezo wake wa kuelewa maelezo, kutulia na kazi ngumu, kusoma mchoro na kushirikiana na wenzake umeanza kujengwa sasa hivi, au umeanza kupotea sasa hivi. Anayedai ajira za gesi bila kudai mwalimu wa darasa la vidudu anadai mavuno ya shamba ambalo halikulimwa.

Najua hoja inayokuja: "Mbona sisi hatukusoma chekechea na tumefika chuo kikuu?" Kweli, umefika. Wahesabu ulioanza nao darasa la kwanza, kisha uniambie wangapi wamefika nawe. Na kama una mtoto, jiulize mbona wewe unalipa ada ya chekechea. Unalipa kwa sababu unajua. Kisichofaa ni kukijua kitu, ukakinunua kwa mwanao, halafu ukakiita anasa kwa mtoto wa Sudi.

Wala sitaki chekechea ya kuigiza, ya kumkaririsha mtoto Kiingereza asichokielewa ili mzazi afurahi siku ya mahafali. Samaki mkunje angali mbichi, lakini ukimkunja kwa nguvu atakatika. Kinachohitajika tunakijua. Mwalimu aliyesomea watoto wadogo, na watoto wasizidi wale 25. Uji. Darasa lililo karibu na nyumbani, hata kama ni kituo shikizi chini ya mwembe wakati jengo linasubiriwa. Ratiba inayojua bamvua na msimu wa mashamba. Mwalimu wa chuo na mwalimu wa awali wanaozungumza, maana wanamfundisha mtoto mmoja. Na yule bibi kutambuliwa kuwa ni mtendaji, atembelewe, apewe maarifa ya lishe na vitabu vya picha, kama alivyotembelewa mama wa Kingston.

Fedha zitoke wapi? Halmashauri za kusini hukusanya ushuru kwenye korosho kila msimu. Bajeti hupangwa na madiwani tunaowachagua sisi, katika vikao vilivyo wazi kwa wananchi. Mara ya mwisho ulimsikia nani akisimama kuuliza fungu la watoto wa chini ya miaka saba ni kiasi gani? Mimi nimehudhuria vikao kadhaa kwa ajili ya kazi yangu. Nimesikia maswali ya barabara, ya madawati, ya posho. Hilo bado sijalisikia.

Nadhani ni wakati muafaka mmoja wetu aanze kuliuliza. Halihitaji maandamano. Linahitaji mtu mmoja anyooshe mkono, na karani aliandike kwenye muhtasari.